Kitufe cha "Tuma" Kinapogoma: Fomu za Serikali Mtandaoni na Mwananchi Mwenye Simu ya Kitochi

Kila tangazo la ajira, mkopo wa masomo, leseni au usajili linalotolewa na taasisi ya umma siku hizi hufungwa kwa maneno yanayofanana: maombi yote yawasilishwe kwa njia ya mtandao, na yale yatakayoletwa kwa mkono au kwa posta hayatapokelewa. Maneno hayo yamezoeleka mno, kiasi kwamba msomaji mwenye kompyuta au simu janja huyapita bila kuyatafakari. Kwa mwananchi ambaye simu yake ni ya kitochi, ile ambayo mitaani huitwa kiswaswadu, hapo ndipo safari inapokuwa ngumu. Hufungua tovuti, hujaza fomu kwa vitufe kumi na viwili, hubonyeza "Tuma", kisha ukurasa hubaki mweupe, au fomu hurudi tupu, au hakuna kinachotokea kabisa. Siku ya mwisho ya maombi hupita naye hajui kama ombi lake limefika.

Jambo hili mara nyingi huhesabiwa kuwa kosa la mtumiaji, kwamba hajui kutumia mtandao. Lakini ukifuatilia hatua kwa hatua kinachotokea kati ya simu na seva ya taasisi, sehemu kubwa ya lawama hiyo huanguka. Zipo sababu ambazo mwananchi anaweza kuziondoa mwenyewe kwa dakika moja, na zipo nyingine ambazo hawezi kuzigusa hata angekuwa fundi, kwa kuwa zimejengwa ndani ya fomu yenyewe.

Mazingira ya kisera yanafahamika. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliigeuza iliyokuwa Wakala ya Serikali Mtandao, iliyoanza kazi mwaka 2012, kuwa Mamlaka yenye jukumu la kuratibu, kusimamia na kukuza jitihada za Serikali Mtandao, pamoja na kuhimiza uzingatiaji wa viwango na miongozo katika taasisi za umma. Tangu hapo huduma nyingi zimehamia mtandaoni: maombi ya kazi kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, maombi ya mikopo ya elimu ya juu, usajili wa majina ya biashara na kampuni, na malipo ya Serikali kwa namba ya kumbukumbu. Faida zake hazina ubishi. Mtu wa Kasulu au Tunduru hahitaji tena kupanda basi hadi Dar es Salaam au Dodoma kupeleka bahasha.

Hata hivyo, kuna jambo la kushangaza ndani ya mafanikio hayo. Malipo ya Serikali yanafanya kazi vizuri kabisa kwenye simu ya kitochi. Mwananchi mwenye namba ya kumbukumbu ya malipo huingia kwenye menyu ya fedha za simu, huandika namba na kiasi, naye hupata ujumbe wa kuthibitisha malipo hata kama simu yake haina intaneti. Vivyo hivyo kwa huduma zilizomo katika menyu ya Serikali ya *152*00#. Kwa hiyo simu ileile inaweza kulipia ada ya maombi lakini ikashindwa kutuma maombi yenyewe. Tofauti iko kwenye njia. Menyu za aina ya *152*00# hupita kwenye mtandao wa simu wenyewe, kila ujumbe ukiwa na herufi zisizozidi 182, na karibu kila simu iliyotengenezwa kwa ajili ya mitandao ya GSM inaziweza. Fomu ya tovuti hutegemea kivinjari, na hapo ndipo simu hizi zinapoachana.

Fomu inavyosafiri

Fomu ya mtandaoni ikivuliwa mapambo yake ni kitu chepesi. Kivinjari hukusanya majibu kutoka kwenye visanduku, huyafunga pamoja na jina la kila kisanduku, huyapeleka kwenye seva, kisha seva hujibu kwa ukurasa mwingine. Utaratibu huo umekuwapo tangu katikati ya miaka ya 1990, na hata kivinjari dhaifu cha simu ndogo kinaumudu. Kinacholeta taabu ni yale yaliyoongezwa juu yake baadaye, hasa programu ndogo za JavaScript ambazo hukagua majibu, hufungua orodha, huhesabu herufi na, katika tovuti nyingi za sasa, ndizo zinazobeba kazi yote ya kutuma. Kitufe cha "Tuma" katika fomu za namna hiyo ni picha tu ya kitufe. Programu isipofanya kazi, kukibonyeza ni sawa na kubisha hodi kwenye ukuta.

Simu nyingi za kitochi zenye intaneti hutumia Opera Mini. Mwezi Agosti 2014 kampuni ya Opera ilikubaliana na Microsoft kwamba kivinjari hicho ndicho kiwe cha kawaida katika simu ndogo za familia ya Nokia, ambazo wakati huo zilikuwa chini ya Microsoft. Ufanisi wake katika kubana matumizi ya bando unajulikana, lakini namna unavyopatikana ndiyo inayohusu mjadala huu. Simu haizungumzi moja kwa moja na tovuti. Huiomba seva ya Opera iliyoko mbali, seva hiyo ndiyo hufungua tovuti, huendesha JavaScript kwa sekunde chache, husimamisha kila kitu, kisha huituma simu nakala iliyobanwa ya ukurasa ulivyokuwa wakati ule. Simu inaonesha kitu kilicho karibu na picha yenye viungo. Chochote ambacho kingepaswa kuendelea kutembea baada ya hapo, kama saa inayohesabu muda au ukaguzi unaofanyika kadiri mtu anavyoandika, hakipo tena.

Mfano ulio karibu na kila Mtanzania ni orodha ya makazi. Fomu humtaka mwombaji achague mkoa, kati ya 31 iliyopo, 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar. Akishachagua, orodha ya wilaya hujijaza, kisha ya kata. Kwenye simu janja hilo huchukua nusu sekunde. Kwenye Opera Mini, kila uchaguzi hulazimu safari mpya kwenda seva ya mbali na kurudi, na mtumiaji asiposubiri hujikuta akifungua orodha ya wilaya ikiwa tupu. Kwenye kivinjari kisicho na JavaScript kabisa orodha hiyo haitajazwa hata akisubiri hadi jioni. Na kwa kuwa wilaya ni kisanduku cha lazima, ombi haliwezi kutumwa. Hakuna ujuzi wowote wa mtumiaji utakaoliondoa tatizo hilo. Orodha yote ya wilaya ingewekwa kwenye ukurasa wa pili, baada ya mkoa kutumwa kwa njia ya kawaida, lisingekuwapo.

Isidhaniwe kwamba hili ni la nchi zenye simu ndogo pekee. Mwaka 2013 kitengo cha huduma za kidijitali cha Serikali ya Uingereza kilipima ni wageni wangapi wa tovuti yake hawakupata JavaScript. Jibu lilikuwa asilimia 1.1, yaani takribani mtu mmoja kati ya 93. Lakini asilimia 0.2 tu ndio waliokuwa wameizima wenyewe au kutumia vivinjari visivyo nayo. Waliobaki walikuwa na vivinjari vizuri. Programu haikufika tu, kwa sababu za mtandao na nyinginezo. Matokeo hayo yamo miongoni mwa sababu za nchi hiyo kushikilia kanuni ya kujenga fomu inayofanya kazi kwanza kwa njia ya kawaida, kisha kuongeza mapambo kwa wenye uwezo wa kuyapokea. Ikiwa hali ni hiyo mahali penye intaneti ya waya majumbani, si vigumu kukisia uzito wake kwa mtu aliye kwenye mnara wa 2G.

Makosa yanayojirudia na maana yake

Kosa la kwanza ambalo mwananchi anaweza kulitatua mwenyewe ni la tarehe, nalo huonekana dogo hadi mtu alipoteze siku nzima. Simu nyingi za kitochi hupoteza tarehe betri inapotolewa au inapokwisha kabisa, zikarudi kwenye mwaka ambao kiwanda kiliuweka. Tovuti za Serikali hufunguliwa kwa njia iliyofungwa kwa usimbaji, na kila tovuti huwa na cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kivinjari kinachozungumza na tovuti moja kwa moja hulinganisha cheti na saa ya simu. Simu inayoamini kwamba huu ni mwaka 2012 hukiona cheti kuwa bado hakijaanza kutumika, hivyo hukataa kufungua ukurasa na kutoa onyo la usalama. Dawa yake ni kurekebisha tarehe na saa kabla ya jambo lingine lolote.

Simu za zamani zaidi zina tatizo la cheti ambalo saa haliondoi. Kila kifaa huja na orodha ya mamlaka za vyeti zinazoaminika, na orodha hiyo isipofanyiwa maboresho huchakaa. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu kimoja kilichotegemewa na mamilioni ya tovuti duniani kiliisha muda wake, na vifaa vingi vya zamani vikaamka siku iliyofuata vikikataa tovuti vilizozifungua jana yake. Kabla ya hapo, mwaka 2020, vivinjari vikubwa vilianza kuacha matoleo ya kale ya usimbaji, na seva nyingi zikafuata. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kiusalama. Lakini mwenye simu hakuambiwa chochote. Alichoona ni ujumbe wa Kiingereza kwamba muunganisho umeshindikana, akadhani bando limekwisha.

Lipo kosa linalowakatisha watu tamaa kuliko yote: fomu kurudi ikisema "jaza sehemu zote" ilhali zote zimejazwa. Mara nyingi chanzo chake ni kiambatisho. Seva huwekewa kikomo cha ukubwa wa mzigo inaoweza kupokea. Katika programu za seva zinazotumika sana, kikomo cha awali, pale ambapo fundi hajakibadilisha, huwa megabaiti 1 kwa baadhi na megabaiti 8 kwa nyingine. Mzigo ukizidi, baadhi ya mifumo hukata mawasiliano na kuonesha namba 413, ambayo angalau mtu anaweza kuuliza maana yake. Mingine huutupa mzigo mzima kimyakimya, pamoja na jina, namba ya simu na kila kitu kilichoandikwa, kisha hukagua fomu na kuiona tupu. Hapo humlaumu mwombaji kwa kutojaza. Mtu hujaza tena, huambatisha picha ileile, na kupata jibu lilelile. Anayekutana na hali hiyo ajaribu kupunguza faili kabla ya kujaza upya.

Ukubwa wa faili una sura nyingine katika mtandao wa kasi ndogo. Faili ya megabaiti 1 ni takribani kilobiti 8,000. Simu inayopandisha data kwa kilobiti 20 kwa sekunde, jambo la kawaida kwenye 2G, itahitaji sekunde 400 kuimaliza, yaani dakika 6 na sekunde 40, bila kukatika. Picha ya pasipoti iliyopunguzwa hadi kilobaiti 100 ingetumia sekunde 40. Tofauti hiyo ndiyo huamua kama ombi litafika, kwa kuwa seva nyingi hazimsubiri mtu muda mrefu. Kikomo cha sekunde 60 bila mawasiliano ni cha kawaida. Aidha, simu nyingi za 2G haziwezi kubeba sauti na data kwa wakati mmoja. Simu ikiita na kupokelewa katikati ya kutuma fomu, data husimama hadi mazungumzo yaishe, na seva huwa imekwisha kufunga mlango. Wakati wa kutuma, wapigaji wavumilie kidogo.

Uandishi wenyewe una mitego yake. Kibodi ya vitufe kumi na viwili huweka herufi kubwa mwanzoni mwa kisanduku na mara nyingi huongeza nafasi baada ya neno inalolikisia. Nafasi hiyo haionekani kwenye skrini, lakini katika anwani ya barua pepe inatosha kufanya fomu ikataliwe. Namba ya simu nayo huandikwa kwa namna tatu, ikianza na 0, na 255 au na alama ya kujumlisha, na fomu nyingi hukubali moja tu bila kusema ni ipi. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na kadi huitenganisha kwa vistari. Mahali pengine vistari vinatakiwa, pengine vinakataliwa. Tarehe ya kuzaliwa, ambayo kwenye simu janja huchaguliwa kwenye kalenda, kwenye kivinjari cha kale hugeuka kisanduku cha kawaida. Mtanzania huandika siku, mwezi, mwaka. Seva inasubiri mwaka, mwezi, siku, nayo hukataa. Anayekwama hapo aandike kwa mtindo wa 1998-07-25.

Kuna pia suala la majina, ambalo halipaswi kuwapo katika mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya Watanzania. Wapo wananchi wengi, hasa wa Kanda ya Ziwa, ambao majina yao yana ng' yenye alama ya ritifaa, kama ilivyo kwa jina la Ng'ambo ya Unguja. Baadhi ya fomu zimewekewa kanuni kwamba jina liwe na herufi tupu, na ritifaa huhesabiwa kuwa kosa. Akiiondoa, jina halilingani tena na cheti cha kuzaliwa wala kitambulisho, na uhakiki unakwama mbele ya safari. Ushauri wowote atakaopewa mwombaji huyo utakuwa wa kupita njia ya panya. Kinachotakiwa ni kurekebisha kanuni hiyo, kazi ambayo kwa fundi wa mfumo haimalizi kikombe cha chai.

Mambo mengine yasemwe kwa ufupi. Wanaozima picha ili kuokoa bando waziwashe pale fomu inapodai kuandika herufi zinazoonekana kwenye picha ya uhakiki, la sivyo hawataiona. Vidakuzi visizimwe wala kufutwa katikati ya kazi, kwa kuwa ndivyo vinavyoiwezesha seva kumtambua mtu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kurudi nyuma kwenye ukurasa uliohifadhiwa na kubonyeza "Tuma" tena huleta ujumbe kwamba muda umekwisha, maana kila fomu hubeba alama ya siri inayotumika mara moja. Ni salama zaidi kuufungua ukurasa upya. Na aliyebonyeza "Tuma" akaona kimya asibonyeze tena haraka. Aingie kwanza kwenye akaunti yake aangalie kama ombi limo, kwani mara nyingi ombi hufika na jibu ndilo hupotea njiani, na kubonyeza mara mbili kunaweza kuzaa maombi mawili au namba mbili za malipo.

Njia ya steshenari

Kwa vitendo, wananchi wengi wamekwisha kupata suluhisho lao. Huenda steshenari. Kijana mwenye kompyuta, printa na skana huwajazia fomu kwa malipo kidogo, naye ni mtu wa kushukuriwa, kwa kuwa bila yeye maelfu ya maombi yasingefika popote. Lakini katika kazi hiyo huzaliwa tatizo ambalo halionekani siku ileile. Mwombaji asiye na barua pepe hufunguliwa moja papo hapo, na nywila huchaguliwa na anayejaza. Mara nyingine namba ya simu inayowekwa ni ya steshenari, ili msimbo wa uhakiki usicheleweshe foleni. Miezi michache baadaye taasisi hutuma wito wa usaili au taarifa ya dosari kwenye ombi, na ujumbe huingia kwenye simu ambayo si ya mwombaji. Wapo wanaogundua kwamba waliitwa kwenye usaili baada ya usaili kufanyika.

Upande wa faragha ni mzito zaidi. Nakala ya cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, namba ya kitambulisho na picha hubaki kwenye kompyuta inayotumiwa na kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu kila anayekusanya na kuchakata taarifa za watu, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Mwenye steshenari huenda hajawahi kujihesabu miongoni mwa wakusanyaji wa taarifa. Mwombaji kwa upande wake anaweza kujilinda kwa mambo matatu yasiyo na gharama: kuandika nywila kwa mkono wake mwenyewe, kutumia namba yake ya simu hata kama ni ya kitochi, na kuomba faili zake zifutwe, pamoja na zile zilizo kwenye pipa la taka la kompyuta, kabla hajaondoka.

Wale wanaojaza wenyewe kwa Opera Mini nao wajue jambo moja. Kwa kuwa ukurasa hufunguliwa kwanza na seva ya kampuni ya kivinjari, usimbaji hauendi moja kwa moja kutoka simuni hadi kwenye tovuti. Hukatika katikati na kufungwa tena. Kampuni imelieleza hilo waziwazi katika maelezo yake. Kwa kusoma habari halina uzito. Kwa nywila ya akaunti yenye vyeti vya mtu, ni vyema alipime mwenyewe.

Kinachowezekana upande wa taasisi

Si haki kudai kila mfumo wa Serikali ufanye kazi kwenye kila simu iliyowahi kutengenezwa. Usalama una gharama, na kuna simu ambazo kweli zimefika mwisho wa safari. Serikali nayo imewekeza upande wa mtandao wenyewe: Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya ujenzi wa minara 758 ya mawasiliano vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mnara hata hivyo huleta mawimbi tu. Fomu yenye kurasa nzito na picha za mapambo hubaki nzito chini ya mnara mpya, na mwenye kitochi hubaki na kitochi chake.

Kinachowezekana ni kuchagua. Fomu chache zenye waombaji wengi na siku maalumu ya mwisho, kama za mikopo na ajira, zinastahili kujengwa kwa namna inayofanya kazi bila JavaScript, swali moja au mawili kwa ukurasa, na kila ukurasa ukihifadhiwa unapotumwa, ili anayekatikiwa na mtandao kwenye hatua ya sita asirudi ya kwanza. Ukubwa wa juu wa kiambatisho utajwe pembeni mwa kitufe cha kupakia, kwa Kiswahili na kwa kilobaiti. Seva ikubali namba ya simu na tarehe kwa kila namna ambayo watu huziandika, kisha izipange yenyewe. Kompyuta inaifanya kazi hiyo vizuri kuliko binadamu mwenye kitufe cha 9 kilichofutika. Na kabla ya fomu kutangazwa, ijaribiwe na mtumishi aliyeshika simu ya kitochi, nje ya jengo lenye intaneti ya ofisi. Zoezi hilo lingegharimu simu moja na bando la siku.

Muda wa mwisho nao uangaliwe. Tangazo linalofunga saa 5:59 usiku hukusanya msongamano saa tatu au nne za mwisho, na katika msongamano huo mwenye mtandao hafifu ndiye wa kwanza kutupwa nje, kwa kuwa maombi yake huchukua muda mrefu kukamilika kwenye seva iliyolemewa. Taasisi inayoongeza siku moja kwa tangazo baada ya hitilafu hufanya vyema, lakini tangazo la nyongeza hutolewa mtandaoni, na wanaolihitaji zaidi ndio wa mwisho kulisoma. Mwombaji aliyekwama anashauriwa kuandika tarehe, saa, namba ya kosa iliyoonekana kwenye skrini na jina la ukurasa, kisha kuwasiliana na kituo cha huduma kwa wateja cha taasisi husika kwa kupiga simu kabla muda haujaisha. Lalamiko lenye saa na namba ya kosa linaweza kufuatiliwa kwenye kumbukumbu za seva. Lile la "mtandao ulisumbua" haliwezi.

Kati ya yote hayo, hatua iliyo nyepesi kuliko zote ni ujumbe mfupi wa kupokea. Ombi likifika kwenye seva, mfumo umtumie mwombaji ujumbe wa simu wenye namba ya ombi, saa lililopokelewa na neno moja la kueleza kama limekamilika au lina pungufu. Herufi 160 zinatosha. Ujumbe huo hauhitaji bando, hausubiri ukurasa ufunguke, na huingia kwenye kitochi kilekile ambacho dakika moja kabla kilionesha ukurasa mweupe.